Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Mpaka Lini?

Ndugu wafanyakazi wa mgodi, nanyi wenyeji wa Birere, Majengo, Katindo, Ndosho na mitaa yote ya Goma, leo hatutaki kusema habari ya mshahara. Twataka kusema habari ya nguruwe.

Msicheke. Nguruwe ni benki ya mtu asiye na benki. Mama muuza makala anamlisha maganda ya viazi na mabaki ya sombe mwaka mzima. Shule zikifunguliwa anamwuza, na mtoto anapata daftari na viatu. Sisi makarani na wachimbaji tunayo likelemba yetu. Kila mwisho wa mwezi kila mtu hutoa sehemu yake, na zamu ya mmoja ikifika huchukua fungu lote. Wenzetu tisa waliona afadhali fedha yao isiliwe bure. Wakanunua nguruwe, wakawaweka nyuma ya nyumba ya mmoja wao. Nguruwe wakazaa, wakafika kumi na saba.

Siku moja mmoja akakataa chakula. Kesho yake masikio yakawa mekundu, homa ikampanda, hakuweza kusimama. Siku ya nne wakawa wamekufa wanne. Hapo akaitwa bwana mmoja mwenye mkoba, aliyesema amesomea uganga wa mifugo katika nchi za nje. Alionyesha karatasi yenye mhuri iliyoandikwa kwamba amepewa ruhusa ya muda. Akawadunga nguruwe wote waliobaki, sindano ile ile moja, na kila mmoja akalipiwa dola tano. Wiki mbili baadaye zizi lilikuwa tupu.

Tulikuja kuelezwa na mtu mwenye ujuzi wa kweli kwamba dalili zile zilikuwa za homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza katika nchi ya Kenya mwaka 1921, na hata leo hakuna dawa ya kuuponya. Mtu aliyesoma na mwenye dhamiri angaliwaambia wale wenzetu: msidunge kitu, tengeni wazima na wagonjwa, zikeni waliokufa, msiuze nyama, safisheni zizi, wala msinunue wengine upesi. Maneno hayo hayana gharama. Badala yake walilipa fedha ili wadungwe kwa sindano moja, ambayo ingeweza kuchukua ugonjwa kwa nguruwe mgonjwa na kuupeleka kwa mzima.

Sisi kazi yetu ni kusoma karatasi. Tuliomba kuiona ile karatasi mara ya pili, tukaisoma polepole kama tunavyosoma hati ya mzigo. Jina lilikuwapo. Mhuri ulikuwapo. Tarehe ya kuanza ilikuwapo. Tarehe ya kumaliza haikuwapo. Mahali anaporuhusiwa kufanya kazi hapakuandikwa. Jina la mkubwa anayemsimamia halikuandikwa. Tukaulizana: hii ni ruhusa ya muda gani?

MLANGO MMOJA, WATU WAWILI

Kabla hatujajibu swali hilo, sikieni habari ya pili. Yuko binti wa mfanyakazi mwenzetu aliyepelekwa Kampala, akasoma uganga wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Makerere kwa miaka mitano. Baba yake aliuza kiwanja ili alipe masomo. Binti akarudi Goma na shahada yake. Anaweza kusoma damu kwa darubini, anaweza kumsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, anajua tofauti ya ndigana na malale. Lakini hatibu. Anauza chakula cha kuku dukani, kwa kuwa shahada yake ya nje yangoja karatasi ya kusema kwamba ni sawa na shahada ya hapa, na karatasi hiyo ni ya kutafutwa Kinshasa.

Goma na Kinshasa, ndugu, hazikuwa jirani hata zamani za amani. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wetu ukapita mikononi mwa M23, mabenki yakafunga milango, uwanja wa ndege nao ukafungwa. Toka hapo karatasi ya kutafuta Kinshasa ikawa safari ya kuzunguka nchi za watu. Na kwa kuwa ofisi za huku na ofisi za kule hazikusoma tena daftari moja, mtu mwenye mkoba akapata nafasi ya kusema kwamba ruhusa yake ameitoa upande ule ambao wewe huwezi kwenda kuuliza.

Basi tazameni. Mgeni asiyejulikana alikosomea anatembea mitaani na sindano. Mtoto wetu aliyesoma nchi ya jirani, katika chuo ambacho ulimwengu unakijua, amefungiwa nje. Wote wawili wamesomea ng'ambo ya mpaka. Mlango ni mmoja, nao umemfungukia yule ambaye hakuna awezaye kumwuliza neno.

RUHUSA YA MUDA NI KITU GANI?

Wako wenzetu wanaosema kwamba dawa ya mambo haya ni kuwafukuza wageni wote. Sisi hatusemi hivyo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika uganga neno hilo ni kweli mara mbili.

Ruhusa ya muda si uovu. Kila nchi yenye akili inayo. Ugonjwa wa mifugo haungoji wanafunzi wamalize chuo. Ukiingia leo, unataka mganga leo. Tena iko kazi ambayo mwenyeji hajaijua bado, na hana budi kumwita anayeijua. Tanzania ilitunga Sheria ya Veterinari mwaka 2003, likaundwa Baraza la Veterinari. Kenya nayo ilitunga sheria mwaka 2011 juu ya waganga wa mifugo na wasaidizi wao, nayo ina bodi yake ya kuwaandika. Katika nchi hizo mganga mgeni aweza kuandikwa kwa muda, na jina lake likakaa katika daftari la wenye ruhusa. Anayetaka kujua kama bwana huyu ni mganga au ni mchuuzi, analo daftari la kuuliza.

Tena majirani zetu wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2010 mapatano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki yalianza kazi, na ndani yake mna neno la nchi kukubali shahada za nchi nyingine. Wahasibu wakapatana, wasanifu wa majengo wakapatana, wahandisi wakapatana, na mwaka 2016 waganga wa mifugo nao wakapatana. Wakati ule Kongo haikuwamo katika Jumuiya. Tuliingia mwaka 2022: tarehe 8 Aprili mkataba ukatiwa sahihi, na tarehe 11 Julai tukawa wanachama kamili. Basi tumeikuta meza imeandaliwa, lakini jina letu halikuwa katika orodha ya waliopatana juu ya waganga wa mifugo. Ng'ombe anavuka mpaka kwa miguu yake. Mbuzi anavuka Barieri Ndogo amefungwa kamba. Kupe anavuka bila leta-pasi. Mwenye shahada peke yake ndiye anayeambiwa asimame.

WALIOKUJA, WAKAFUNDISHA, WAKARUDI KWAO

Tunapenda kuwakumbusha wasomaji mambo mawili, wasije wakadhani kwamba twamchukia mgeni.

La kwanza ni la Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Tuliona magari mengi na wageni wengi, na si wote walioacha sifa njema. Lakini walikuwamo wachanjaji kutoka Guinea, Waafrika wenzetu, ambao kazi hiyo waliijifunza katika msiba wa kwao wa miaka ya 2014 hadi 2016. Walikuja na ujuzi mkononi, wakasimama pamoja na vijana wa Kongo, wakawaonyesha jinsi ya kutafuta watu waliomgusa mgonjwa na kuwachanja. Kisha kazi ikabaki kwa wenyeji. Huo ndio ugeni.

La pili ni la kichaa cha mbwa. Kila mwaka watu wapatao 59,000 hufa duniani kwa ugonjwa huu, na karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikiisha kuonekana, mgonjwa haponi. Ulaya walipata njia mwaka 1885, Louis Pasteur alipomwokoa mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Lakini wengi hawajui jambo moja. Pasteur alikuwa mtaalamu wa kemia, hakuwa daktari mwenye ruhusa ya kutibu watu. Kwa hiyo sindano hakuishika yeye. Aliishika daktari Grancher, mwenye ruhusa, na Pasteur akasimama kando akitazama.

Tafakarini hilo. Mtu aliyekuwa na ujuzi ambao hakuna mwingine duniani alikuwa nao alikubali mkono wenye ruhusa ndio ushike sindano. Na bwana mmoja mwenye mkoba, hapa kwetu, anaona ni matusi akiulizwa karatasi yake inakwisha lini!

TUSISAHAU MWAKA 1960

Kwa nini neno hili la "muda" linatuchoma hivi? Kwa sababu tumelisikia zamani.

Wabelgiji walipotawala, walisema mwenyeji atapanda polepole, ngazi kwa ngazi. Katika Astrida, ambayo leo ni Huye katika nchi ya Rwanda, Ndugu wa Upendo walikuwa na shule yenye sifa kubwa toka miaka ya 1930. Iliwafundisha wasaidizi wa uganga, wasaidizi wa kilimo, na wasaidizi wa mifugo. Wasaidizi! Kijana mwenye akili alikwenda pale, akatoka anajua kazi, lakini juu yake siku zote alikaa bwana mwenye shahada aliyetoka Ulaya. Yule bwana alikuwa pale kwa muda, mpaka wenyeji watakapokuwa tayari. Siku ya utayari haikuandikwa katika kalenda yoyote.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku hiyo, katika nchi kubwa kama hii, hapakuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa daktari kamili wa kutibu watu. Askari walipoasi mwezi wa Julai, madaktari Wabelgiji kwa wingi wakaondoka, na hospitali zikabaki na wasaidizi. Shirika la Afya la Ulimwengu likaleta madaktari wa haraka kutoka nchi nyingi, na katika miaka ile wakaja pia Wahaiti, waalimu na waganga.

Lakini pamoja na hayo likafanyika jambo moja la akili. Makumi ya wale wasaidizi wa uganga walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi wakiwa madaktari kamili. Yaani wakati mgeni anashika zamu, mwenyeji alikuwa darasani. Mgeni alikuwa daraja, na ng'ambo ya daraja walikuwako watu wanaokuja.

Hapo ndipo twaona tofauti ya ruhusa ya muda iliyo njema na iliyo mbaya. Njema ina mtu darasani. Mbaya haina mtu darasani, nayo itafanywa upya kila mwaka mpaka wajukuu wetu watakapokuwa wazee.

MGANGA WA NGAGI

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya zamani. Basi tazameni mlima ulio mbele ya macho yenu.

Katika hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, wako ngagi, wale ambao Wazungu huwaita gorila. Hesabu ya mwaka 1981 ilipata ngagi 254 tu katika milima yote ya Virunga, ya Kongo, Rwanda na Uganda. Mama Dian Fossey, aliyewachunguza upande wa Rwanda, alitaka sana aletwe mganga wa kuwatibu wanaonaswa na mitego. Yeye aliuawa Desemba 1985. Mwaka 1986 akaja mganga wa kwanza, Mwamerika James Foster. Mtu mmoja, mgeni, na mkoba wake.

Lakini angalieni kilichofuata. Kazi haikubaki mikononi mwa wageni peke yao. Waganga wa mifugo Wanyarwanda, Waganda na Wakongo waliingizwa, wakafundishwa, wakapandishwa. Upande wetu, Daktari Eddy Kambale Syaluha, Mkongo, ameongoza kazi ya msituni kwa miaka mingi, akipanda milima hata katika nyakati za bunduki. Na hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilipata ngagi 604 katika milima ile ile.

Mtaani husemwa kwa uchungu kwamba ngagi ana daktari, lakini ng'ombe wa Masisi hana. Uchungu huo una haki yake. Mama wa Masisi aliyepoteza ng'ombe kwa ndigana, hata maziwa ya kutengeneza jibini hana, ana haki ya kuuliza. Lakini tusiwaonee wivu ngagi. Tuulize walipataje. Walipata kwa sababu aliyekuja wa kwanza hakukaa pale kama mfalme, na wenyeji waliwekwa karibu naye mpaka wakashika kazi. Kama jambo hilo liliwezekana kwa mnyama wa msituni, kwa nini lisiwezekane kwa mbuzi wa Kibumba na kwa nguruwe wa Ndosho?

Wala tusiseme kwamba hatuna watu wa kufundishwa. Lubumbashi iko kitivo cha uganga wa mifugo. Butembo, katika jimbo letu wenyewe, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kinafundisha uganga huo. Vijana wapo. Wanachokosa ni mkubwa wa kusimama nao zizini kwa mwaka mmoja au miwili, na sheria inayomlazimu mkubwa huyo asimame nao.

SISI WA MGODI TWAJUA MANENO HAYA

Hatusemi haya kwa kujifanya wataalamu wa mifugo. Twayasema kama watu wa kazi, kwa maana neno "muda" twalijua katika mikataba yetu.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba mkataba wa muda maalumu hauwezi kuzidi miaka miwili. Kama mfanyakazi ameoa na yuko mbali na jamaa yake, hauwezi kuzidi mwaka mmoja. Wala hauwezi kufanywa upya zaidi ya mara moja. Waliotunga sheria hiyo walijua tabia ya wakubwa: wakiachiwa, watamwita mtu "wa muda" kwa miaka ishirini, wasimpe haki yoyote. Kwa hiyo wakaandika mwisho.

Basi kama sheria inakata muda wa mchimbaji anayeshika sururu, itawezekanaje ruhusa ya mtu anayeshika sindano isiwe na mwisho?

Tena sisi tulioandika katika daftari za madini twakumbuka mfuko wa kasiteriti au wa koltani ulivyofungwa lebo yenye namba. Iliandikwa siku, uzito, na shimo ulikotoka. Mfuko usio na lebo ulisimamishwa njiani. Hatukuona kwamba mfuko unatukanwa kwa kuulizwa. Je, maziwa ya mtoto yana thamani ndogo kuliko mawe?

WANAOTUPINGA WANASEMAJE?

Wako wanaosema: ninyi mnataka masharti, na nchi ina shida, anayezama hachagui kamba. Jibu letu ni hili. Kweli anayezama hachagui, lakini anayemtupia kamba lazima awe amefunga upande wa pili. Ruhusa ya haraka na ruhusa isiyo na masharti ni vitu viwili. Sisi twataka itoke haraka, hata kwa juma moja ugonjwa ukiingia. Twataka tu ioneshe kazi gani, mahali gani, mpaka lini.

Wengine wanasema: mkiwabana wageni, mashirika yataondoka na dawa zao. Hatuamini. Waganga wa mifugo wa shirika la Ubelgiji lisilo na mipaka wamefanya kazi katika Kivu ya Kaskazini kwa miaka mingi, na mtu mwema haogopi kuandikwa katika daftari. Anayekimbia kalamu, mwacheni akimbie.

Wengine tena wanasema uganga wa mifugo ni kazi ya wataalamu wakubwa, mwanakijiji haifai kuigusa. Hao twawakumbusha habari ya sotoka, ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa Afrika tangu miaka ya 1890. Mgonjwa wa mwisho kujulikana alikuwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaza kwamba sotoka imekwisha. Wataalamu walitengeneza chanjo isiyoharibika upesi kwa joto. Lakini katika nchi za vita kama Sudan ya kusini, ambako gari la serikali halikufika, waliochanja ng'ombe walikuwa wafugaji wenyewe, wakiisha kufundishwa. Mtaalamu alifundisha, mwenyeji akachanja, ugonjwa ukafa. Masisi na Rutshuru nazo ni nchi ambazo gari halifiki siku zote.

TWATAKA NINI?

Wale wenye madaraka juu ya mifugo, wa ngazi yoyote na wa upande wowote, twawaambia wazi:

1. Ruhusa ya muda iandikwe tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Isizidi miaka miwili, kama mkataba wa mfanyakazi, na ikifanywa upya iwe mara moja tu.

2. Iandikwe mahali pa kazi na aina ya kazi. Aliyeruhusiwa kuchanja mbwa Goma asikutwe anauza dawa za ng'ombe Masisi.

3. Kila mganga mgeni awe na Mkongo mmoja au wawili anaowafundisha, na majina yao yaandikwe katika karatasi yake. Wakati wa kufanya upya aulizwe kwanza: wanafunzi wako wamefika wapi?

4. Mtoto wa nchi aliyesoma Makerere, Nairobi, Morogoro, Nyagatare au kwingineko asingoje miaka. Apewe naye ruhusa ya muda mara moja, afanye kazi chini ya mkubwa, huku shahada yake inachunguzwa. Kama mgeni anaaminiwa kwa muda, mtoto wa nyumbani hawezi kuaminiwa kidogo kuliko yeye.

5. Kongo iombe kuingia katika mapatano ya mwaka 2016 ya waganga wa mifugo wa Afrika Mashariki, ili watu wetu nao wavuke kwa haki ile ile.

6. Orodha ya wenye ruhusa ibandikwe ukutani, machinjioni, sokoni na katika ofisi za komini, kwa Kiswahili, ili mama muuza makala aisome au asomewe na mtoto wake.

Hilo la sita ni dogo kwa gharama na kubwa kwa nguvu. Karatasi moja na gundi. Kama ingalikuwako ukutani, wale wenzetu tisa wangalituma mtoto aitazame, naye angalirudi akasema, "Baba, jina la huyu bwana halimo."

NASI PIA TUNA LAWAMA

Tusiwatupie wakubwa mzigo wote. Nani alimwita yule bwana? Sisi. Nani aliona mhuri akanyamaza? Sisi, tuliokwenda shule ya misheni na kujisifu kwamba twajua kusoma. Tuliheshimu mkoba wa ngozi na Kifaransa kizuri. Binti wa mwenzetu alikuwa dukani, hatua mia mbili kutoka kwenye zizi lile, na hakuna aliyefikiri kumwuliza hata neno moja. Tulisema, huyu ni mtoto wetu, atajua nini? Ugonjwa huo wa kumdharau aliye wako kwa kuwa ni wako hauponyeki kwa sindano.

Basi toka leo, ndugu, mtu akija na sindano mwulizeni mambo matatu: ruhusa yako inakwisha lini, nani anakusimamia, na nani unamfundisha? Asiye na jibu, mwonyesheni njia. Mbwa wenu wapelekeni wakachanjwe kila kampeni ya chanjo inapotangazwa. Mbwa sabini katika mia wakichanjwa, kichaa hakipati njia ya kupita. Na mtoto akiumwa na mbwa, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika kumi na tano kamili, kisha mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kuona.

Wahenga hawakuishia kusema mgeni njoo. Walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mfukuze. Walisema mpe jembe, yaani aingie shambani pamoja na wenye shamba, na jua likichwa wahesabu pamoja mistari waliyolima.

Twawakaribisha waganga wote wa ulimwengu waje Goma. Twaomba tu waje na kalenda.

Karani wa Mgodi
Goma